Wagonjwa Walioandikwa Mmoja Mmoja

Haya wanangu, leo safari yetu ni ya Norway, nchi ya baridi kali na milima iliyosimama juu ya bahari. Katika miaka ya 1980 madaktari wa huko walikuwa na jambo lililowaumiza sana.

Ipo saratani inayoota kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Msione haya kuitaja. Wako watu wanaoona damu chooni, wakanyamaza kwa aibu, hata ugonjwa ukawashinda. Basi madaktari walikuwa wakiukata uvimbe, mgonjwa anarudi nyumbani akishukuru. Lakini walipofuatilia, waliona kwamba kwa wagonjwa karibu 28 katika kila 100 saratani iliota tena palepale ilipotolewa.

Wakati huo, katika mji wa Basingstoke nchini Uingereza, alikuwako mpasuaji aitwaye Bill Heald. Ili mwelewe kazi yake, fikirieni embe: kokwa ndiyo puru, nyama ni mafuta yanayoizunguka, ganda ni utando mwembamba unaofunika mafuta hayo. Wapasuaji wengi walikuwa wakipenyeza mkono na kuchana kwa kupapasa, na mara nyingi mafuta yenye chembe za saratani yakabaki ndani. Heald alikata polepole nje ya ganda, macho yakiona kila mahali, akatoa vyote vikiwa vizima. Yeye na wenzake waliieleza njia hiyo mwaka 1982. Wengine hawakusadiki. Je, hakuwa anachagua wagonjwa wenye nafuu? Lilikuwa swali la haki, na daktari mmoja peke yake hawezi kulijibu.

Taifa zima linaweza. Mwaka 1993 Norway ilianzisha mradi wa saratani ya puru. Wapasuaji watu wazima, wenye mvi, walirudi kujifunza njia ya Heald. Kila mgonjwa aliandikwa katika rejista ya taifa: hospitali gani, uvimbe umefika wapi, saratani imerudi au haikurudi. Kule kila raia ana namba yake, na sheria inawataka madaktari kuripoti saratani, kwa hiyo ni vigumu mgonjwa kupotea njiani. Kisha kila hospitali ilipelekewa matokeo yake pamoja na ya nchi nzima, iyatazame yenyewe. Waliorudiwa na ugonjwa wakapungua hadi chini ya 10 katika kila 100. Napenda sana sehemu hii ya hadithi, kwa kuwa hapakuwa na dawa mpya. Ni mikono iliyofundishwa, na wagonjwa waliofuatiliwa.

Sweden nayo ilifungua rejista ya saratani ya puru mwaka 1995. Mtoto mwerevu atauliza: basi nani alipasua vizuri zaidi?

Polepole. Wasweden walikuwa wakiwapa wagonjwa wengi mionzi kabla ya kuwapasua. Wanorway, miaka ile, waliwapa wachache tu. Saratani isiporudi Sweden, tuusifu mkono wa mpasuaji au mionzi? Tena nchi moja yaweza kuwa na wazee wengi kuliko nyingine. Moja yaweza kuhesabu vifo vya siku 30 baada ya upasuaji, nyingine ikaendelea mpaka siku ya 90. Hata puru yenyewe inaishia wapi? Wako wanaopima sentimita 15 kutoka njia ya haja, wako wanaoishia chini ya hapo. Na pale ambapo hospitali huandika kwa hiari, waliopata matokeo mabaya wanaweza kuachwa nje ya daftari. Huo ndio udanganyifu ninaouchukia kuliko wote, maana wanaofutwa ni watu.

Hata hivyo kulinganisha kuna faida, mkikubaliana kwanza vipimo. Hispania, yenye watu zaidi ya milioni 40, haikuona aibu kujifunza kwa Norway isiyofika hata milioni tano wakati ule. Mwaka 2006 chama cha wapasuaji wake kilianza mradi wa namna ileile, wakauita Vikingo. Hawakufundishwa wapasuaji peke yao. Walijifunza pia wanaosoma picha za ndani ya mwili, na wale wanaochunguza nyama iliyotolewa. Mchunguzi wa nyama huipokea puru iliyokatwa, akaigeuza huku na huku kuona kama ganda limetoka zima au limechanika, akaandika. Mpasuaji hupata jibu lake mapema, bila kungoja miaka aone nani amerudi akiwa mgonjwa.