Modemu Isiyojibu: Kutafuta Hitilafu Katika Tundu la Mfululizo

Nyuma ya kompyuta nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kuna kiungio chenye pini 9 au 25, ambacho tutakiita tundu la mfululizo. (Wako waliolifasiri kuwa "bandari ya mfululizo", tafsiri ambayo mjini Tanga huenda ikamfanya mwanafunzi ageuze macho baharini.) Hapo ndipo modemu ilipochomekwa, nayo modemu ndiyo iliyobeba barua za kwanza za elektroniki katika nchi zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango wa ESANET uliunganisha kwa modemu na simu za kawaida vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Tanzania baadaye sana, mwaka 2009.

Modemu za simu za waya zimekwisha kupitwa na wakati, lakini lugha ya tundu la mfululizo haijafa. Vipokezi vya GPS katika vyombo vya baharini huitumia, na modemu ndogo za mtandao wa simu za mkononi, ambazo wanafunzi huziunga katika majaribio yao, hupokea amri zilezile za zamani. Kwa hiyo mwalimu aliye na kompyuta kuukuu stoo anacho chombo kizuri cha kufundishia, mradi ajue kukisikiliza. Nimeona modemu nzima ikitupwa kwa sababu ya tarakimu moja tu iliyoandikwa vibaya katika programu.

Hebu tutazame kwanza jinsi herufi inavyosafiri. Kila herufi hugeuzwa kuwa biti, na biti hizo hupita moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Waya ukiwa kimya huwa na volti hasi, yaani baina ya -3 na -15, na hali hiyo huhesabiwa kuwa 1. Herufi inapoanza, waya huruka hadi volti chanya kwa muda wa biti moja. Hiyo ni biti ya mwanzo, yenye thamani ya 0. Kisha hufuata biti 7 au 8 za herufi yenyewe, pengine biti moja ya ukaguzi, na mwisho biti ya kikomo. Hakuna waya wa saa. Mpokeaji huanzisha saa yake mwenyewe anapoiona biti ya mwanzo, akapima kila biti katikati yake. Herufi ikiwa na jumla ya biti 10, biti ya mwisho hupimwa baada ya muda wa biti 9.5. Kosa la saa likizidi nusu biti, mpokeaji atakuwa amesoma biti isiyo yake, na 0.5 ukiigawanya kwa 9.5 utapata takriban asilimia 5. Basi saa mbili zikihitilafiana kwa asilimia 1 au 2 hakuna madhara, lakini mmoja akiwa katika kasi ya biti 4800 kwa sekunde na mwenziwe 9600, hawataelewana kamwe. Kipokezi cha GPS cha melini kwa kawaida huzungumza kwa kasi ya 4800. Ukiona kioo kimejaa takataka tupu, bila neno hata moja linalosomeka, anza na kasi.

Hitilafu ya biti ya ukaguzi ina sura nyingine, nayo yafaa kufanyiwa zoezi darasani. Tuseme mtumaji anatuma biti 7 na biti ya ukaguzi ya shufwa, ambayo huongezwa ili idadi ya moja zote iwe shufwa. Mpokeaji naye amewekwa apokee biti 8 bila ukaguzi, kwa hiyo ataidhania biti ya ukaguzi kuwa sehemu ya herufi. Chukua neno TANGA. T ni 1010100, yenye moja tatu. Ukaguzi wake utakuwa 1, na herufi itaharibika. A ni 1000001, N ni 1001110, na G ni 1000111. Zote zina moja kwa idadi shufwa, ukaguzi wake ni 0, nazo zitapita salama. Katika mashine itumiayo herufi za Ulaya Magharibi utasoma ÔANGA. Kwa kanuni hiyohiyo MUHEZA itakuwa MUHÅZA, na PANGANI itakuwa PANGANÉ. Maandishi yanayosomeka nusunusu namna hii hayatokani na kebo mbovu wala na kasi.

Je, kama hakuna kinachoonekana kabisa? Andika AT, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Amri hii ilianza na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, na modemu ikiwa imeisikia hujibu OK. Jibu hilo dogo lina thamani kubwa: kompyuta, tundu, kebo na kasi vyote ni vizima, na kosa liko mbele, upande wa simu. Jibu lisipokuja, chomoa kebo, unganisha pini ya 2 na ya 3 za tundu kwa kipande cha waya, zima udhibiti wa mtiririko katika programu, kisha andika. Herufi zikirudi kiooni, tundu ni zima; ichunguze kebo au modemu.

Kuna ugonjwa mmoja wa kompyuta za zamani unaowachosha wengi: modemu inafanya kazi mpaka mtu aguse kipanya. COM1 na COM3 kwa kawaida hutumia njia moja ya kumkatiza kichakato, namba 4. COM2 na COM4 hutumia namba 3. Kipanya kikiwa COM1, ihamishie modemu COM2.

Na upande wa simu? Hapa pwani adui ni chumvi. Hewa ya bahari hulifunika shaba kwa kutu ya kijani, na masika yakiingia, unyevu hukamilisha kazi. Enzi za simu za waya maungio ya namna hiyo yalivuja na kukwaruza, na modemu iliyosema OK bila taabu ilikata mazungumzo kila baada ya dakika chache, huku malipo ya simu yakiendelea kuhesabiwa. Kipimo chake hakikuhitaji kompyuta: ulinyanyua mkono wa simu, ukapiga tarakimu moja ili mlio ukome, ukasikiliza. Ukisikia mkwaruzo, ulifungua kisanduku cha ukutani, ukasugua ncha za nyaya mpaka zing'ae, kisha ukazikaza upya.