Damu ya sukari na uchawi wa kuigiza: mzazi Mkristo ajue nini kuhusu «The Vampire Diaries»

Filamu za mfululizo zenye habari za vijana, uchawi na wafu wanaonyonya damu zimeingia katika nyumba zetu. Zinapita kwenye televisheni, kwenye telefone, na kwenye fleshi ambayo kijana mmoja anamwazima mwenzake baada ya masomo. Wazazi wanauliza: je, waigizaji wale wanafanya uchawi wa kweli? Je, mtoto anayeziangalia ameingiliwa na roho mbaya? Maswali mazito namna hii hayajibiwi kwa kukisia. Kwa hiyo tumechagua filamu moja inayojulikana sana, The Vampire Diaries ya Marekani, ili tueleze jinsi ilivyotengenezwa.

Filamu yenyewe

Hadithi ilitoka katika vitabu vya mwandishi L. J. Smith. Kevin Williamson na Julie Plec waliigeuza kuwa filamu ya televisheni, na kituo cha The CW kilianza kuionyesha tarehe 10 Septemba 2009. Iliisha tarehe 10 Machi 2017, baada ya misimu 8 na vipindi 171. Inamhusu Elena Gilbert, msichana wa miaka 17 aliyefiwa na wazazi wake katika ajali ya gari. Anapendwa na ndugu wawili, Stefan na Damon Salvatore, ambao ni vampaya, yaani wafu wanaotembea na kuishi kwa damu ya watu.

Mji wa Mystic Falls unaoonekana humo haupo. Kipindi cha kwanza kilipigwa picha Vancouver, Kanada. Vilivyofuata vilipigwa katika jimbo la Georgia, hasa katika mji mdogo wa Covington, karibu na Atlanta. Sheria ya Georgia ya mwaka 2008 inawapa watengenezaji wa filamu nafuu ya kodi inayofika asilimia 30 ya gharama zao, na filamu nyingi zimevutwa huko na nafuu hiyo. Leo wageni wanakuja Covington kutembezwa mitaani, na wenyeji wanapata riziki.

Jinsi waigizaji walivyochaguliwa

Mwigizaji hapewi nafasi kwa sababu ana nguvu za giza. Anapewa kurasa chache, anazisoma mbele ya wachaguzi, kisha anasubiri. Akipendeza, anaitwa tena na tena, mpaka asimame mbele ya wakubwa wa kituo. Nina Dobrev, aliyezaliwa Bulgaria na kukulia Kanada, hakufanya vizuri mara ya kwanza kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alijirekodi upya, akatuma mkanda, na ndipo akapata nafasi ya Elena. Paul Wesley alijaribiwa kwanza kwa nafasi ya Damon, lakini mwishowe akapewa ya Stefan. Ni kazi kama kazi nyingine: wapo wanaokubaliwa na wapo wanaorudi nyumbani mikono mitupu.

Tunaomba wazazi waangalie miaka yao. Filamu ilipoanza, Nina Dobrev aliyeigiza msichana wa miaka 17 alikuwa na miaka 20. Paul Wesley, ambaye Stefan wake ana sura ya kijana wa miaka 17, alikuwa na miaka 27. Ian Somerhalder, aliyeigiza Damon, alikuwa na miaka 30. Watengenezaji wanapenda kutumia watu wazima kwa sababu sheria za Marekani zinapunguza saa za kazi za mtoto na kudai apewe muda wa masomo hata akiwa kazini. Lakini binti yetu wa miaka 15 hajui hayo. Anajitazama kwenye kioo, anaona chunusi zake, anajilinganisha na mwanamke mzima aliyepambwa na mafundi, kisha anajidharau. Tumwambie ukweli huo. Utamsaidia kuliko kumnyang'anya telefone bila maelezo.

Damu, meno na macho

Damu inayotumika katika filamu kwa kawaida ni sukari ya maji ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula. Meno marefu hufinyangwa kwa kufuata umbo la meno ya mwigizaji mwenyewe, naye huyavua akienda kula. Macho hubadilishwa kwa lenzi, na mishipa inayovimba chini yake huongezwa kwa vipodozi na kompyuta. Nina Dobrev aliigiza pia Katherine, vampaya mwenye sura moja na Elena. Wawili hao wanapoongea pamoja, yeye hupigwa picha upande mmoja, hubadilisha nguo na nywele, hupigwa upande wa pili, kisha mafundi huunganisha picha hizo. Anayetazama nyumbani anashtuka, lakini pale kazini kulikuwa na taa, nyaya, na watu waliochoka wakirudia jambo moja mara nyingi.

Hatari ambayo si ya uchawi

Hatusemi kwamba filamu hii haina madhara. Ila tunaona kwamba wengi wanalinda mlango usio wenyewe. Katika msimu wa kwanza, Damon anaitawala akili ya msichana Caroline, anamtumia, anainywa damu yake. Anaua watu pia. Hata hivyo, vipindi vinavyofuata vinamfanya awe mpenzi ambaye watazamaji wanamshangilia. Kijana anaweza kujifunza hapo kwamba mwanaume anayekuumiza anakupenda sana, ila anahitaji mwanamke wa kumbadilisha. Katika nchi yetu, ambako mabinti wengi wameumizwa, fundisho hilo ni sumu. Hilo ndilo la kuzungumza na vijana, wavulana kwa wasichana.

Tusimtafute mchawi ndani ya mtoto

Mchawi wa filamu hiyo ni Bonnie Bennett. Anaigizwa na Kat Graham, aliyezaliwa Geneva, na ambaye baba yake ana asili ya Liberia. Hadithi inasema ukoo wa Bonnie ulitoka Salem. Ukoo huo ni wa kubuni, lakini yaliyotokea Salem ni ya kweli, na yanatuhusu sisi watu wa kanisa.

Mwaka 1692, katika koloni la Massachusetts, wasichana wa nyumbani mwa mchungaji Samuel Parris walianza kuugua ugonjwa usioeleweka. Watu wakaanza kutajana kuwa wachawi. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliuawa kwa kukandamizwa na mawe. Hata mtoto mdogo, Dorothy Good, mwenye miaka kama 4 au 5, alitiwa gerezani. Waliofanya hivyo walikuwa Waprotestanti, wasomaji wa Biblia kama sisi. Mwaka 1697 koloni lilitangaza siku ya kufunga na kutubu, na hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani huku ungamo lake likisomwa mbele ya wote.

Hapa kwetu watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na wengine wamefungishwa chakula kwa siku nyingi kwa jina la maombi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu tendo hilo. Mtoto aliyeota ndoto mbaya baada ya filamu anahitaji mama wa kumkumbatia na kulala karibu naye. Hana sababu ya kupelekwa kwa mtu wa kumtoa pepo.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuangalie pamoja na watoto wakubwa, angalau kipindi kimoja, kabla ya kuhukumu. Pili, tuwaulize: nani ameumizwa hapa, na filamu inataka tumwoneje aliyemuumiza? Tatu, watoto wadogo tusiwaachie kabisa. Filamu hii haikutengenezwa kwa ajili yao. Nne, viongozi wa vijana watenge jioni moja ya kueleza jinsi filamu zinavyotengenezwa. Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima mambo, na hakuna anayeweza kupima asichokijua.

Mungu awape wazazi wetu hekima, na awalinde watoto wetu dhidi ya mafundisho mabaya, na pia dhidi ya hofu yetu sisi wakubwa.