Dishi Moja, Nondo Mbili

Kabare, katika Kivu ya Kusini, hupata wastani wa miali 205 ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Uchambuzi wa vipimo vya setilaiti ya NASA uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka nafasi ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ziwa Victoria nalo lina ngurumo zake za usiku, na miji inayolizunguka imejaa madishi ya ving'amuzi. Katika ukanda huu, waya wa ethi wa dishi ni kazi ya lazima, ingawa mara nyingi ndiyo ya kwanza kurukwa mteja akilia bei.

Ieleweke kwanza kwamba ethi haizuii radi. Radi ikitua juu ya dishi lenyewe, hakuna waya wa nyumbani unaoahidi kuokoa king'amuzi. Kazi ya ethi ni kupunguza madhara: hushusha chaji inayojikusanya kwenye chuma wakati wa upepo mkavu na mawingu mazito, hupitisha msukumo wa umeme unaozuka radi ikipiga jirani, na huupa njia umeme wa nguzo pale waya wake unapoangukia dishi.

Kosa kubwa liko kwenye namna ya kuifunga ethi hiyo, nalo hufanywa hata na mafundi wenye nia njema. Fundi anapigilia nondo mpya chini ya dishi, anafunga waya, anaondoka. Nyumba tayari ina nondo yake karibu na mita. Sasa kuna ethi mbili zisizojuana. Mkondo wa radi kwa kawaida hufika ampea 30,000. Tuseme sehemu yake tu, ampea 5,000, imeshuka kwenye nondo ya dishi yenye ukinzani wa omu 10. Zidisha: volti 50,000. Nondo ya nyumba, mita chache tu kutoka hapo, imebaki karibu na sifuri. Tofauti hiyo hutafuta pa kupita, na njia iliyo wazi ni kebo ya dishi, king'amuzi, waya wa HDMI, runinga, kisha soketi ukutani.

Dawa yake ni kuziunganisha nondo hizo kwa waya mnene wa shaba. Volti zikipanda, zipande pamoja, na vifaa vilivyo katikati visione tofauti kubwa.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60728-11 kinataka waya wa shaba usiopungua milimita 16 za mraba kutoka kwenye mlingoti wa dishi hadi ardhini. Ngozi ya chuma ya kebo, iliyo chini ya plastiki, nayo iungwe kwenye ethi hiyo, kwa waya usiopungua milimita 4 za mraba, kabla kebo haijaingia ndani. Dishi lililo ukutani, zaidi ya mita 2 chini ya ukingo wa paa na ndani ya mita 1.5 kutoka ukutani, halidaiwi ethi ya mlingoti, lakini ngozi ya kebo yake bado inaidai.

Waya ushuke moja kwa moja. Mkondo wa radi hupanda ndani ya sehemu chache tu za milioni za sekunde, na kwa kasi hiyo kila kona kali huukinza. Waya uliobaki ukatwe. Kuuzungusha mviringo nadhifu juu ya mlingoti ni kuharibu kazi nzuri. Mabati pia yasihesabiwe kuwa ethi, kwani yamekaa juu ya mbao. Chumvi inayomwagwa kuzunguka nondo hula chuma, na mvua huisomba.

Mawingu yakianza kukusanyika, wengi huchomoa plagi ya umeme na kuiacha kebo ya dishi palepale. Zote mbili zichomolewe, na mapema, kwa sababu ngurumo ikishasikika si wakati wa kushika waya. Kebo isiachwe ikining'inia nyuma ya runinga. Ivutwe kando, mbali na kifaa chochote kilichounganishwa na umeme.