Wastani Huficha Mengi: Tuchungulie Viini vya Kompyuta

Kwenye kisiwa cha Xiaoguwei, hapa Guangzhou, penye mji wa vyuo vikuu, kuna kompyuta kubwa iitwayo Tianhe-2. Ilishika nafasi ya kwanza duniani katika orodha sita mfululizo za TOP500, kuanzia Juni 2013 hadi Novemba 2015. Wakati huo ilikuwa na viini 3,120,000, ikiendeshwa na Kylin, mfumo wa jamii ya Linux. Kompyuta ya klabu yetu ina viini 8 tu, nayo inatumia Linux pia. Swali ni moja kwa zote mbili: kipi kinafanya kazi na kipi kimekaa?

Tuanze na neno. Kichakataji ndicho kinachopiga hesabu ndani ya kompyuta. Siku hizi kimegawanyika katika sehemu kadhaa, na kila moja inaweza kufanya kazi yake peke yake. Wachina huita kila sehemu 核 (hé), neno lile lile la kokwa ya tunda. Sisi tumechagua kiini, kwa sababu kokwa hutupwa embe likishaliwa, lakini kiini ndicho chenye nguvu ya kitu. Walimu wetu mtatusahihisha.

Muhula huu tunahifadhi rekodi za wazazi, bibi na babu zetu wakisimulia maisha yao. Nyingi zimo kwenye simu, na simu hupotea. Kila rekodi inabidi ibadilishwe iwe faili dogo kabla ya kuwekwa pamoja na nyingine. Kazi ilikuwa ikijikokota, ilhali kompyuta ilionyesha matumizi ya asilimia 12.5 tu. Ungedhani imelala.

Piga hesabu: 100 gawanya kwa 8 ni 12.5. Kiini kimoja kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu zote, na saba vilikuwa vinakitazama. Wastani ulisema kweli, lakini ulificha habari yenyewe.

Kuviona kimoja kimoja si vigumu. Kwenye terminali ya Linux andika top, kisha bonyeza 1. Mstari mmoja wa wastani utagawanyika, kila kiini kipate wake, kuanzia namba 0. Programu ya htop huonyesha vivyo hivyo kwa pau za rangi. Ukitaka takwimu za kila sekunde, andika mpstat -P ALL 1. Kwenye FreeBSD tumia top -P. Wenye Mac wafungue Activity Monitor, kisha dirisha la CPU History.

Takwimu hizo, kwenye Linux, hutoka katika faili liitwalo /proc/stat. Humo kila kiini kina mstari unaohesabu muda tangu kompyuta ilipowashwa: muda wa kuendesha programu, wa kuhudumia mfumo, wa kukaa bure, wa kusubiri diski. Kusoma mara moja hakukuambii hali ya sasa. Soma mara mbili, kisha toa ya kwanza kutoka ya pili. Tofauti ndiyo jibu.

Angalizo: baadhi ya vichakataji hujihesabu mara mbili, hivyo viini 4 halisi vikaonekana 8.

Programu yetu ya sauti hutumia kiini kimoja kwa kila faili. Basi tuliiendesha kwa xargs -P 8, faili nane kwa pamoja, na mistari yote minane ikapanda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini tazama pia safu ya wa, yaani muda wa kusubiri diski. Ikipanda yenyewe, kuongeza kazi hakusaidii. Diski ndiyo imezidiwa.

Mwenye rekodi ya bibi au babu nyumbani ailete mapema, simu ikiwa bado mkononi. Na mwenye neno bora kuliko kiini alilete pia.