Je, Wajua? Leseni, Virusi na Watoto wa Idete

Je, wajua kwamba Idete, huko bonde la Kilombero nchini Tanzania, imo katika historia ya chanjo? Mwaka 1994 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya SPf66, chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto 586 wa hapo. Mvumbuzi wake, Manuel Patarroyo wa Colombia, alilikabidhi Shirika la Afya Duniani haki zake bila kudai senti. Leseni ya bure kabisa! Kinga ikawa asilimia 31; Gambia na Thailand haikufua dafu. Leseni ni kitu kimoja, kinga kingine. Kwenye kompyuta nako ni hivyohivyo: wenye ofisi zenye intaneti, sogeeni karibu.

Je, wajua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu? Windows ya kuchakachua ni kosa. Ila mtazame fundi anavyoiweka: flashi inaingia, na jambo la kwanza anazima programu ya kuzuia virusi, maana hiyo ingeikamata kraki yake, yaani programu ya kukwepa leseni. Mlinzi analazwa ili mgeni apite. Kisha kompyuta hiyohiyo inaunganishwa na ya mhasibu.

Dawa ya kirusi cha WannaCry, yaani sasisho la Windows, ilitolewa na Microsoft Machi 14, 2017. Ugonjwa wenyewe ulilipuka Mei 12. Karibu miezi miwili! Ila kuna waliokuwa wamezima masasisho, na huku kwetu tunajua sababu: bando.

Windows 10 je? Masasisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 14, 2025.

Je, wajua kwamba hata aliyelipia huumwa? Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipenya Ukraine kupitia M.E.Doc, programu halali ya hesabu na kodi, ndani ya sasisho lake lenyewe. Kikasambaa, na kampuni ya meli ya Maersk ikapoteza seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, duniani kote, isipokuwa moja: ya Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika, kirusi hakikuifikia! Diski yake ilihitajika Uingereza, ila mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya huko, kwa hiyo ilipelekwa kwa ndege hadi Nigeria, ikapokewa na mwenzake, ndipo ikafika Uingereza. Nasi tunaolalamikia umeme kila siku, hii moja tuiache ipite.

Programu huria haiulizi namba ya leseni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bure.

Na tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inamtaka kila anayetunza majina ya watu, hata zahanati yenye kompyuta moja, ayalinde.

Mwisho: ruta iliyo juu ya kabati ofisini kwako. Igeuze. Mara nyingi nenosiri la kiwandani hubandikwa chini yake, na huenda ndilo mnalotumia mpaka leo.