Rufaa Juu ya Aliyeachiliwa: Ni Nani Apasaye Kuleta Ushahidi?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani petu, karatasi ya mahakama mkononi. Mwanawe alikuwa ameshtakiwa kuvunja duka usiku. Kesi ikasikilizwa, na hakimu akamwachilia kwa kuwa mashahidi walihitilafiana. Sasa upande wa serikali umekata rufaa. Akatuuliza: "Maalim, je, safari hii ni juu ya mwanangu kuthibitisha kwamba hakuiba?"

Tulimjibu la, hata kidogo. Na kwa kuwa wengi wadhani kinyume chake, tumeona yafaa tulieleze jambo hili.

Wasomaji wetu waijua Hadithi iliyomo katika Arubaini ya Imamu Nawawi, yenye maana kwamba adaiye ndiye aletaye ushahidi, naye akanaye huapa. Na vitabu vya tarehe vyasimulia kwamba Sayyidna Ali (r.a.), hali ni Khalifa, aliidai deraya yake iliyokuwa mikononi mwa mtu asiye Mwislamu. Kadhi Shurayh akamtaka mashahidi, akaukataa ushahidi wa mwanawe Hasan, na deraya ikabaki kwa yule mtu. Hayo yalikuwa madai ya mali tu. Seuze mashtaka yawezayo kumtia mtu gerezani!

Je, rufaa yenyewe ni dhuluma? Hatusemi hivyo. Sayyidna Umar (r.a.), katika waraka wake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari, alimwagiza kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirejea haki itakapombainikia. Marekani hawakuufungua mlango huu: aliyeachiliwa kwa kosa hashtakiwi tena kwa kosa lilo hilo, na katiba yao yasema hivyo tangu 1791. Tanzania mlango upo. Mkurugenzi wa Mashtaka akiona hakimu amekosea, hutoa taarifa ya kusudio lake ndani ya siku 30, kisha hati ya rufaa ndani ya siku 45 tangu mtu alipoachiliwa. Karatasi ya yule mama ilikuwa ni hiyo taarifa.

Ama namna ya kuisikiliza rufaa hiyo, ilielezwa vizuri mwaka 1934 katika kesi ya Sheo Swarup iliyotoka Bara Hindi, mbele ya Baraza la Mfalme mjini London. Twaitaja kwa sababu Baraza lilo hilo lilipokea rufaa za Afrika Mashariki pia, na Tanganyika ilitumia sheria ya ushahidi ya Hindi ya 1872 hata ilipopata yake mwaka 1967. Wazee wale walisema mahakama ya rufaa yaweza kuupima upya ushahidi wote. Lakini iyape uzito maoni ya hakimu wa kwanza juu ya mashahidi, maana yeye aliwaona kwa macho na kuwasikia wakisita, hali majaji wa rufaa wana karatasi tu. Shaka yoyote ya maana ni faida ya mshtakiwa. Na dhana kwamba hana hatia haidhoofiki kwa kuwa ameachiliwa. Vipi idhoofike, naye keshashinda mara moja? Mzigo ungali juu ya mshitaki, naye sasa yampasa aonyeshe na kosa la hakimu.

Yule mama aliyasikiliza yote, kisha akasema: "Mahakamani nimeelewa, Maalim. Mtaani je?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Kabla ya mashtaka, kijana huyo alikuwa akitusaidia kusomesha watoto wadogo alifu na be. Alipokamatwa, wazazi wawili walitutaka tumwondoe, nasi tukamwondoa. Alipoachiliwa hatukumwita. Hakuna aliyetuletea ushahidi, wala sisi hatukumtaka mtu ushahidi.

Rufaa ingali haijasikilizwa. Jumamosi iliyopita tulimtuma mtoto kumwita. Alikuja, akaketi penye mkeka wake wa zamani, na watoto saba kati ya kumi na wawili walihudhuria.