Tarakilishi Isitufiche Herufi Zetu

Muhula uliopita nilimkuta mwalimu mwenzangu wa darasa la pili, katika shule moja kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, akiwa ameinamia karatasi za mtihani wa lugha ya mama. Alikuwa amezichapa mwenyewe kwa tarakilishi, zikapendeza. Hata hivyo, alishika kalamu, akiongeza neno baada ya neno kile kiwimbi kidogo kikaacho juu ya ĩ na ũ. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwalimu, mashine hii haina herufi zetu."

Kumbe herufi hizo zimo. Zimefichwa tu.

Jambo hili si dogo. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kimeru na Kiembu zina irabu saba. Mtu huitwa mũntũ kwa Kimeru, na mũndũ kwa Kiembu. Mtoto anayesomeshwa "muntu" anafunzwa irabu ambayo hakuisikia kwa mamake katika neno hilo.

Wabunifu wa programu wana mtihani wao pia. Mtumiaji mgeni hutaka vitufe vichache asije akapotea. Mzoefu naye hutaka kila zana. Katika Office 2000, kampuni ya Microsoft ilijaribu menyu zilizojifupisha zenyewe: amri zisizotumiwa mara kwa mara zilifichwa. Nia ilikuwa njema, lakini amri ambayo mtu aliiona jana, leo haikuonekana mahali pake. Katika Office 2007, menyu za Word na Excel ziliondolewa, mahali pake pakawekwa utepe wa vitufe vilivyopangwa kulingana na kazi. Wazoefu wengi walinung'unika kwa kupotezewa njia walizozizoea.

Wapo wanaodai kwamba urahisi ni kupunguza. Mimi sikubaliani nao. Mwalimu anayejumlisha alama katika Excel huhitaji jumla na wastani. Mhasibu huhitaji mengi zaidi. Tukimpunguzia mmoja, tumemnyima mwingine. Isitoshe, ni nani anayeamua kipi ni cha nadra? Herufi ambayo mbunifu aliye Marekani huenda asiihitaji maishani mwake, mwalimu wa Nkubu au Runyenjes huihitaji katika kila sentensi.

Nilimwonyesha mwenzangu njia. Katika Word ya Windows, mtu huandika 0129 kisha akabonyeza Alt na X kwa pamoja, na tarakimu hizo hugeuka ĩ. Akiandika 0169, hupata ũ. Alijaribu, akacheka, kisha akanyamaza. "Miaka yote hii," alisema, "nani angeniambia?"

Swali lake lilinichoma. Kukariri tarakimu nako si urahisi. Lakini Word iyo hiyo humruhusu mtumiaji kufungua orodha ya alama, akachagua ĩ, akaitengea vitufe vyake mwenyewe. Akifanya hivyo mara moja, kazi imekwisha. Huo ndio usawa ninaouzungumzia: juu pawe pepesi, chini pawe na kina, na mtumiaji aweze kukileta karibu kile akitumiacho kila siku. Kasoro ni kwamba mlango wa kufikia kina hicho haumwiti mgeni.

Basi wabunifu na wauonyeshe mlango huo. Nasi walimu tusiishie kuwafunza wanafunzi kufungua na kufunga faili. Tuwafunze kuuliza programu inaweza nini zaidi. Nanyi wanafunzi, hasa mtakaosomea taaluma hii katika vyuo vikuu vya Embu na Meru, siku mtakapobuni programu zenu, mkumbukeni mwalimu aliyeshika kalamu mbele ya tarakilishi.

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walisema kweli. Lakini atafunguaje asiyeuona mlango?